Siku 14 chumba cha uani: nyumba yangu niliiona kupitia dirisha la dada wa kazi

Mama wa Uani

Mbukwenyi wanajukwaa.

Uzi ni mrefu, mwenye haraka aje usiku akiwa ametulia.

Ikitajwa corona ya 2020 watu hukumbuka nyungu, malimao yaliyopanda bei na ndoo za koki kwenye kila mlango wa duka. Mimi nakumbuka dirisha. Dirisha dogo la chumba cha uani, lenye nondo tatu na wavu uliochanika pembeni, linalotazamana na mlango wa jikoni.

Tulikuwa tumepanga Nkuhungu, hapa Dodoma, nyumba yenye uzio, na nyuma kuna chumba kimoja cha nje na choo chake. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa Arusha tarehe 16 Machi 2020. Shule zikafungwa mara moja, watoto wangu watatu wakarudi na mabegi wakishangilia likizo. Mkubwa wa kiume alikuwa darasa la sita, wa kati la tatu, kitinda mimba chekechea. Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka Mpwapwa kwa ajili ya kliniki ya presha, na yeye ndiye tuliyemhofia kuliko wote. Mwisho wa mwezi ule tukamwambia dada wa kazi arudi kwao Kondoa mpaka hali itulie. Tukampa nauli na nusu mshahara. Hili nitalirudia, maana ndilo hasa linalonifanya niandike.

Jumatatu tarehe 27 Aprili, kesho yake baada ya siku ya Muungano (mwaka ule sherehe zilifutwa), nikapigiwa simu. Mwenzangu tuliyekuwa tukikaa naye meza moja kazini amelazwa, kifua kimembana. Mtu wa afya akanieleza kwa utaratibu: nikae peke yangu siku 14, nisichangie chombo wala taulo na mtu, na mama mkwe asinisogelee kabisa. Akaniambia wengi wanaoambukizwa dalili huwajia karibu na siku ya tano, ila wapo zinazowachelewa mpaka ya 14, ndiyo maana ya ile hesabu.

Nikahamia chumba cha uani. Chumba cha dada.

Nimeishi nyumba ile miaka mitatu na nilikuwa sijawahi kukaa mle ndani zaidi ya dakika mbili. Bati tupu, hakuna siling'i. Saa saba mchana joto linashuka kutoka juu kama umefunikwa na sufuria, na usiku wa manane baridi inapita palepale. Nguo zinaning'inia kwenye misumari minne. Hakuna pa kuweka kikombe isipokuwa sakafuni. Ukutani, karibu na kichwa cha godoro, kulikuwa na mistari ya penseli iliyopangwa saba saba. Nilidhani anahesabu siku za kwenda kwao. Subirini, nitawaambia ilikuwa ni nini.

Basi kazi yangu ikawa kutazama. Asubuhi ya kwanza nikamwona mume wangu anatoka jikoni kashika fagio la chelewa, anafagia uwanja kuanzia getini kuja ndani, vumbi lote linaelekea kwenye vyombo vilivyokauka juu ya kichanja. Nikapiga kelele kupitia wavu. Akasimama, akanitazama, akageuza upande. Mkubwa akawa anasonga ugali, naona mgongo wake tu, mwiko umemzidi urefu, kila akigeuza sufuria nayo inazunguka jikoni. Bibi yake akamwambia abane sufuria kwa mguu wa kulia huku kitambaa kikiwa kwenye sikio la sufuria. Ugali wa siku ile ulikuja na madonge, nikaula wote.

Kazi za mikono walizishika ndani ya siku tatu, nne. Kudeki, kuosha vyombo, kufua, kuanika, kuanua kabla umande haujashuka, hayo mtu mwenye nia anajifunza. Kilichowashinda hakikuwa mikononi. Kilikuwa ni kukumbuka.

Mume wangu aliosha vyombo vizuri kuliko mimi, lakini hakujua kwamba sabuni inaisha. Mkubwa alipika maharage, lakini hakuna aliyeyaloweka jana yake, tukala saa kumi jioni. Mtungi wa gesi ulikata chai ikiwa haijachemka na mkaa haukuwepo. Dawa ya presha ya mama ilibaki vidonge viwili ndipo mtu akauliza zinauzwa duka gani. Kila baada ya nusu saa mtoto mmoja anakuja amesimama mita mbili kutoka dirishani: mama, chumvi iko wapi? Mama, sare ya kitinda mimba niiloweke na nguo nyeupe? Mama, huyu wa mboga anasema tunadaiwa elfu mbili, ni kweli?

Nikawa najibu. Na kila nikijibu nashangaa kwamba vitu vyote hivi nilikuwa nimevibeba kichwani miaka yote bila mtu kuviona, mimi mwenyewe nikiwemo. Halafu likaja la maji.

Mtaa wetu wakati ule maji yalitoka usiku, mara mbili kwa wiki. Tulikuwa na simtanki la lita 1,000 juu ya mnara wa matofali. Corona ilipoingia matumizi yakapanda: ndoo ya kunawa mlangoni tuliyokuwa tukiijaza mara moja sasa inajazwa mara tatu, nguo za kila aliyetoka zinalowekwa, vyombo vyangu vinaoshwa peke yake. Jumatano saa mbili usiku namsikia mume wangu anagonga simtanki kwa ngumi. Likalia tupu mpaka chini.

Hatukujua maji yanakuja siku gani. Naandika sentensi hii na aibu bado iko palepale. Mimi niliyejiona nimebeba kila kitu, maji sikuyajua. Aliyeyajua yuko Kondoa.

Mume wangu akampigia. Nilisikia upande wake mmoja wa maongezi, amesimama gizani karibu na mnara. "Eeh. Eeh. Koki ya chini kwanza? Mpaka yawe meupe? Halafu... inakoroma vipi?"

Nitaendelea, kitinda mimba ananiita. Lakini nauliza kwenu: nyumbani kwenu kipindi kile, nani alikuwa anakumbuka maji?

---

Mwana wa Kongwa

Mleta uzi, umenirudisha mbali. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule binafsi, shule zilipofungwa mshahara ukasimama mwezi wa nne. Nikarudi kwa wazazi, Kongwa vijijini. Ilikuwa karibu na mavuno, karanga zinang'olewa, uwele unaanza kukauka. Asubuhi shambani, mchana nawakusanya watoto wa ndugu zangu sita chini ya mbuyu na redio moja, tunasikiliza vipindi vya masomo. Betri zikiisha tunaziweka juani zipate nguvu kidogo.

Kuhusu swali lako: kwetu anayekumbuka maji ni mama. Alikuwa na miaka 63. Anaamka saa tisa usiku kuwahi foleni kisimani kabla ya mifugo kufika. Nilikuwa nimekaa mjini miaka minne nikimtumia pesa kila mwezi na kudhani nimemsaidia. Wiki ya kwanza nilipoamka naye na kubeba madumu mawili kwa baiskeli ndipo nikajua pesa yangu haikuwahi kumpunguzia hata dumu moja.

---

Dereva wa Kati

Mimi nilikuwa upande wa pili wa hadithi. Lori la mizigo, nimekwama mpakani siku nyingi nikisubiri kipimo, na niliporudi nikakaa peke yangu kwenye chumba cha rafiki yangu Ipagala nisiingie kwa mke wangu na mtoto mchanga wa miezi minne. Mke wangu alikuwa anakuja na hotipoti, anaiweka juu ya kigoda, anarudi nyuma hatua kadhaa na mtoto mgongoni, ndiyo naenda kuichukua. Ananigeuzia mgongo nimwone mwanangu usingizini.

Siku moja nikamuuliza kwa simu kwa nini amechelewa. Akanitajia tu alichofanya tangu alfajiri, bila hasira, kimoja baada ya kingine. Alipofika saa nne asubuhi nikamwomba anisamehe. Nilikuwa na miaka 11 barabarani na nilikuwa nasema mke wangu "yuko tu nyumbani".

---

Mzee wa Mtera

Wanangu, nimesoma yote. Nina la kusema na mlipokee kwa heshima. Zamani nyumba ilikuwa na watu wengi. Bibi alikumbuka dawa, shangazi alikumbuka mbegu, kijana mkubwa alikumbuka mifugo, babu alikumbuka mvua. Hakuna mtu mmoja aliyebeba kichwani nyumba nzima. Sasa mmejifungia watu watano ndani ya ukuta na geti, mnampa mwanamke mmoja akumbuke ya watu ishirini. Mimi silaumu wanaume peke yao. Naulaumu ukuta.

Na huyo mama mkwe, kwa nini hajatajwa amefanya nini? Mtu wa Mpwapwa hakai bure.

---

Nesi wa Zamu

Nachangia kidogo kwa upande wa afya, maana naona wengi bado hawajui kwa nini tuliwasumbua na sabuni.

Kirusi kile kimefunikwa na utando wa mafuta. Sabuni, hata ile ya mche ya kufulia, inauvunja ule utando kama inavyoondoa mafuta kwenye sahani, na kirusi kinakufa. Ndiyo maana tulisema sekunde 20: sabuni inahitaji muda kufika kwenye kucha na katikati ya vidole. Maji peke yake hayatoshi, na wala hayahitajiki mengi. Kopo moja la nusu lita linatosha ukilowesha, ukafunga koki, ukasugua, ndipo ukasuuza. Kule vijijini kibuyu chirizi kilifanya kazi hiyo vizuri kabisa: dumu dogo, kamba, kijiti cha kukanyagia kwa mguu, hakuna anayeshika koki.

Nyungu sitaki kuanzisha ugomvi. Mvuke unamlegezea mtu mafua na kumpa nafuu ya pua. Kirusi kilichoko ndani ya mapafu hauwezi kukiua. Na mimi binafsi nilihudumia mtoto aliyemwagikiwa na sufuria ya nyungu akiwa amefunikwa blanketi moja na mama yake. Alipona, makovu yapo. Mwenye watoto wadogo asiwafunike.

Mama wa Uani, ulifanya vyema kutenganisha vyombo na kumweka mama mkwe mbali. Umri mkubwa na presha pamoja ndivyo vilivyotuogopesha zaidi wodini.

---

Mama wa Uani

Asanteni. Mzee, shikamoo. Umeuliza swali nililostahili kuulizwa.

Mama mkwe ndiye aliyetulisha. Wiki ya pili mboga zilipokuwa za shida kwa sababu hatukutaka watoto waende sokoni Majengo kubanana, alifungua mfuko wake aliokuja nao kutoka Mpwapwa. Ilende. Mlenda aliouchuma mwenyewe, akaukausha, akautwanga ukawa unga wa kijani uliofifia. Nilimwona kupitia dirisha amekaa kwenye kigoda, wajukuu wawili wamemzunguka. Anachemsha maji, anatia karanga zilizotwangwa, anaacha zichemke mpaka harufu ya ubichi iishe, ndipo ananyunyiza ilende kwa vidole, kidogo kidogo, huku mkono mwingine unakoroga. Mtoto wa kati akauliza kiasi gani. Bibi akamwambia, "Usiupime kwa kijiko. Inua mwiko. Ukivutika na kukatika wenyewe, acha." Binti yangu akainua mwiko mara nne, tano, mpaka ukavutika na kukatika. Akageuka kunitafuta dirishani nione.

Mimi mlenda wa kukausha nilikuwa siupiki. Nilidhani ni chakula cha shida.

Sasa la maji. Maelekezo ya yule dada kutoka Kondoa yalikuwa hivi, na niliyaandika usiku uleule kwa sababu nilikuwa namsikia mume wangu akiyarudia kwa sauti ili asisahau.

Maji yakikaribia, bomba linaanza kutoa hewa. Koki ya chini karibu na geti inakoroma, inanyamaza, inakoroma tena. Ukisikia hivyo usifungulie simtanki. Fungua ile ya chini kabisa, tega ndoo mbili za kwanza, yatakuwa ya rangi ya chai kwa kutu na tope. Hayo ni ya kumwagilia na ya chooni. Yakiwa meupe, tega ya kunywa, jaza mapipa. Halafu ukae. Ndiyo, ukae. Kwa sababu hapo majirani wote wamefungulia na msukumo ni mdogo, hayawezi kupanda mnara. Yanaanza kupanda saa nane, saa tisa, mtaa ukishajaza na kufunga. Unafunga koki ya chini, unafungua ya simtanki, unaweka sikio kwenye bomba la mnara. Likivuma, yanapanda. Likiwa kimya, rudi ukae.

Mara mbili kwa wiki, kwa miaka miwili, yule binti alikuwa anaamka saa nane za usiku kuweka sikio kwenye bomba. Asubuhi anaamka saa kumi na moja kuwachemshia watoto chai. Na mimi kuna siku nilimsema kwa kusinzia mchana.

Ile mistari ya penseli ukutani, iliyopangwa saba saba, ilikuwa ni kalenda ya maji. Mstari mrefu ni usiku ambao maji yalitoka. Nilipoitazama vizuri siku ya nne nikaona: mrefu, mfupi, mfupi, mrefu, mfupi, mfupi, mfupi. Jumatatu na Alhamisi. Jibu la swali letu lote lilikuwa karibu na kichwa changu na nilikuwa nimelilalia.

Alhamisi ile mume wangu na mkubwa walikesha. Nilikuwa macho, nimeshika nondo za dirisha. Saa nane na robo nikasikia ile koki inakoroma. Kijana akashtuka, "Baba, hiyo!" Tukajaza. Yalipoanza kupanda mnara, mtoto aliweka sikio kwenye bomba akatabasamu gizani, namwona kwa mwanga wa tochi ya simu. Nililia, na nilikuwa naogopa kulia kwa sababu kamasi ikitoka nitashindwa kujua kama ni kilio au ni dalili.

Dalili hazikuja. Mwenzangu wa kazini alipona, alirudi mwezi wa sita. Wakati huo hesabu ya wagonjwa wa nchi nzima ilikuwa imesimama kwenye 509 na mtaani kila mtu anahesabu kwa jinsi anavyosikia misiba. Ulikuwa wakati mgumu wa kutojua.

---

Fundi Bomba

Huyo dada maelezo yake yamenyooka. Wengi wanafungua simtanki kwanza, tope na kutu linakaa chini ya tangi, halafu wanalalamika maji yana harufu. Na hewa ikinaswa juu ya mnara inazuia maji hata kama yapo. Dodoma sehemu kubwa ya maji yanatoka visima vya Mzakwe, yanasukumwa kwa pampu safari ndefu, kwa hiyo nyumba za mwishoni mwa laini na zilizo mwinuko zinangoja wa chini washibe. Aliyekaa na bomba miaka miwili anajua mtaa wake kuliko fundi anayekuja na spana.

---

Binti Irangi

Nimefuatilia uzi huu tangu mwanzo, nikasita kuandika. Mimi nilifanya kazi za ndani Dodoma mjini miaka mitano. Mimi siye huyo dada, lakini na mimi nilirudishwa kwetu mwaka ule, mwezi wa nne, mama mwenye nyumba akaniwekea nauli kwenye simu akasema atanipigia.

Ninyi mnasema corona iliwafundisha kazi za nyumbani. Nawaheshimu kwa kusema ukweli. Sisi tulikuwa tunazijua. Nilijua mtoto yupi anakula akiimbiwa, nilijua baba akirudi na kimya nisipike dagaa, nilijua mtungi wa gesi kwa kuuinua. Hakuna aliyeniuliza. Siku naondoka walinikagua begi.

Nilipofika kijijini watu walikuwa wanaogopa anayetoka mjini. Nilikaa kwenye banda la nje la bibi siku 14, sawasawa na wewe, Mama wa Uani. Tofauti ni kwamba mimi hakuna mshahara uliokuwa unanisubiri nikitoka.

Swali langu ni dogo. Yule dada alipomaliza kuwaelekeza habari ya bomba, usiku ule, mlimlipa? Na baadaye mlimrudisha?

---

Mwana wa Kongwa

Binti Irangi, ahsante kwa kuandika. Kaa nasi kwenye uzi.

---

Dereva wa Kati

Nangoja jibu la hilo pia. Na niseme kwamba nyumbani kwetu sasa hivi kuna binti, anaitwa "dada" na kila mtu, na nimetoka kumuuliza mke wangu jina la ukoo wake. Hakulijua. Mimi pia silijui. Leo jioni nitakaa naye.

---

Mama wa Uani

Binti Irangi, nimesoma ujumbe wako mara tatu, na jana sikuweza kujibu.

Usiku ule hatukumlipa. Tulimshukuru tu. Nilimpigia mwenyewe siku ya 12, nikiwa bado chumbani kwake, juu ya godoro lake. Nilimwambia nimeona mistari. Akacheka kidogo, akasema, "Mama, nilisahau kuifuta." Alidhani nimempigia kulalamikia ukuta.

Nikamwambia nusu ya mshahara tuliyokata tunaituma, na ya Aprili tunaituma nzima. Nilituma siku ileile. Nilimuuliza kama atarudi shule zikifunguliwa. Akanyamaza. Nikasikia kuku na mtu anatwanga. Akasema mama yake anaumwa miguu, mtama unangoja, na kwamba amejifunza kushona barakoa kwa cherehani ya shangazi yake, anauza kwa watu wa mnada. Akasema, "Mama, nikipata cherehani yangu sitarudi." Akaniomba radhi kwa kusema hivyo.

Hakurudi. Shule zilifunguliwa tarehe 29 Juni, na miezi ile yote tukafanya kazi wenyewe. Cherehani tulimchangia mimi na mume wangu mwezi wa nane, ya mkono, iliyotumika, tuliinunua kwa fundi mmoja wa hapa mjini anayestaafu. Sisemi hivyo ili nisifiwe, na wala haifuti miaka miwili ya saa nane usiku. Umeuliza, nami nakujibu kama ilivyokuwa.

Kuhusu kugawana: tuliamua kitu kimoja tu na tunakishika mpaka leo. Hatugawani kazi, tunagawana kukumbuka. Mume wangu ana dawa za mama na gesi. Maana yake si kwamba anakwenda kununua nikimwambia. Maana yake sitakiwi kumwambia. Mwezi wa kwanza gesi ilikatika mara mbili na nilijizuia nisiseme kitu, tukala mihogo mibichi na karanga. Mara ya tatu haikukatika. Binti ana mboga na deni la genge. Mkubwa alichukua maji. Alikuwa na miaka 12. Alichora mistari mipya jikoni kwa chaki, saba saba, na ratiba ilipobadilika yeye ndiye aliyetuambia.

---

Mzee wa Mtera

Hapo kwenye kugawana kukumbuka umenena, mwanangu. Ndivyo boma lilivyokuwa likienda.

---

Nesi wa Zamu

Naongeza kwa akina mama wanaosoma: orodha ya dawa za mgonjwa wa presha bandikeni mlangoni, jina la dawa, saa, na siku zitakapoisha. Tulipokea wazee kipindi kile waliokuja na hali mbaya si kwa corona bali kwa kukosa dawa zao siku tano, kwa sababu aliyekuwa anazikumbuka kalazwa.

---

Binti Irangi

Mama wa Uani, nimepokea jibu lako. Cherehani ya mkono ni nzuri, haisumbuliwi na umeme.

Na chumba?

---

Mama wa Uani

Chumba.

Nilipotoka siku ya 15 nilifua mashuka yake, nikaosha sakafu kwa sabuni ya unga na maji ya moto, nikaifuta ile mistari baada ya kuipiga picha. Tulimwomba mwenye nyumba ruhusa ya kuweka siling'i kwa pesa yetu, akakataa kwanza, akakubali mwezi wa saba. Dirisha pana lilikuja baadaye, tulipojenga wenyewe Nzuguni na kuhamia kwetu: chumba cha uani kina madirisha mawili, kabati la mbao na meza, na mlango wake una ufunguo ambao anao dada wa kazi peke yake.

Binti anayekaa humo sasa anatoka Bahi. Jina lake la ukoo nalijua, Dereva. Jumapili haamshwi na mtu. Usiku wa maji anayeamka ni kijana wangu akiwa likizo, na akiwa shuleni anaamka baba yake. Wiki iliyopita maji yalitoka saa tisa, nikasikia mlango, nikachungulia. Mume wangu amejifunga shuka kiunoni, tochi ameibana kwapani, ameweka sikio kwenye bomba.